Rimu nne za Corolla: shajara ya likizo ya Juni, Mtwara

Jumamosi, 8 Juni

Kazi hii haikuanzia kwenye urembo, ilianzia kwenye upepo. Tangu Februari tairi la nyuma kushoto lilikuwa linalala. Najaza paundi 30 Jumatatu, Jumatatu ya pili nakuta 22. Mwishoni mwa Mei ikawa halimalizi siku mbili. Fundi pancha wangu alilitoa mara tatu, akalipaka povu la sabuni, akaligeuzageuza kama mtu anayechagua embe sokoni, hola. Mara ya tatu akaniambia, "Mwalimu, tairi hili halina pancha. Lina husuda." Nikalipa, nikaondoka.

Sasa shule zimefungwa. Leo nimelitoa mwenyewe hapa nyumbani Shangani, nikalizamisha kwenye beseni la shughuli, lile ambalo mama watoto huoshea mchele wa pilau. (Bado hajajua. Akija kusoma hapa, naomba radhi.) Nikalizungusha polepole. Mpira wenyewe kimya. Viputo vilitoka pale mdomo wa tairi unapokalia rimu, upande wa ndani, ule unaotazama uvungu wa gari, ambako povu la fundi halikufika. Vidogo vidogo, kama vya soda iliyoachwa wazi, vimejipanga mstari wa vidole vinne hivi.

Jioni nikalipeleka, tairi likang'olewa kwenye rimu. Kwenye ukingo kulikuwa na unga mweupe mkavu, kama ule wa chaki unaojikusanya chini ya ubao. Nikaukwangua kwa kucha. Chini yake alumini imechimbika vishimo vishimo, kama uso wa mtu aliyewahi kuugua ndui. Mpira unabana vizuri kwenye kitu laini. Ukiweka unga katikati, upepo unapata uchochoro. Husuda hamna.

Nafundisha kemia, hili nalijua, na bado lilinipita. Alumini ikikutana na hewa hujivika utando mwembamba wa oksidi, na utando huo ndio nguo yake. Chumvi inautoboa, alumini inaanza kuliwa kwa chini, na ule unga unaozaliwa unachukua nafasi kubwa kuliko alumini iliyoliwa, kwa hiyo unainua rangi kutoka ndani. Ndiyo maana unaona rangi ya rimu imevimba kama lengelenge kabla haijabanduka. Wazungu wanaandika sana kwamba rimu zao huharibiwa na chumvi inayomwagwa barabarani kuyeyusha barafu. Nilikuwa nikifika hapo naruka ukurasa, najiambia hayo ni ya watu wa theluji. Kumbe wao wanamwagiwa miezi michache, mimi napulizwa mwaka mzima. Na mwaka jana niliendesha juu ya mchanga wa ufukwe wa Msimbati mpaka Ruvula, kama watu wote wafanyavyo, nikarudi nikaosha bodi ing'ae. Tumbo la rimu, yaani upande wake wa ndani, sikuligusa.

Uamuzi: zote nne.

Jumapili, 9 Juni

Kuosha. Gari juu ya stendi, si juu ya jeki peke yake, tafadhali, na mawe kwenye matairi yaliyobaki chini.

Kwanza maji matupu, mengi, kuondoa mchanga. Ukianza na sponji wakati mchanga bado upo, umeshika msasa bila kujua. Halafu ndoo mbili: moja ya sabuni, moja ya kusuuzia sponji kila unapotoka kwenye rimu kurudi kwenye sabuni. Sponji na brashi za rimu zisiguse bodi kamwe. Ule weusi wa rimu za mbele ni vumbi la breki, na ndani yake mna chembe za chuma zilizotoka kwenye diski zikiwa za moto, zikajichomeka kwenye rangi na kuota kutu humo. Hazitoki kwa maji. Nilikaa na mswaki wa zamani saa nzima kwa rimu moja. Fanya kivulini, rimu ikiwa ya baridi. Sabuni ikikaukia juani inaacha alama.

Maji ya kisima hapa kwetu yana chokaa, kwa hiyo futa usiache yakauke yenyewe. Madoa meupe ya zamani nimeyatoa kwa siki iliyozimuliwa nusu kwa nusu, dakika mbili, kisha maji.

Jirani alipoona najichosha akaleta chupa ya "dawa ya rimu" aliyouziwa sehemu moja ya kuoshea magari. Nikanusa, nikadondosha tone kwenye saruji: likachemka. Asidi, na kwa jinsi ilivyokuwa nzito sikuona tofauti na ya betri. Inang'arisha kweli, siku hiyo. Inang'arisha kwa kuuvua ule utando niliousema jana, na rimu inabaki uchi mbele ya bahari. Kostiki ya kutengenezea sabuni ni mbaya zaidi. Inaila alumini huku ikitoa haidrojeni. Kidato cha tatu huwa nawaonyesha kwenye bomba la majaribio, kipande cha sufuria kinayeyuka mbele ya macho yao. Sikutegemea kuwaona watu wazima wakifanya jaribio hilo kwenye gari.

Jumatatu, 10 Juni

Msasa. Hapa ndipo mradi wote ulipo, na hapa ndipo kila mtu anataka kupita mbio.

Rimu ya mbele kushoto ilikuwa imechubuliwa na ukingo wa barabara, meno meno kama ya msumeno. Nilianza na tupa ndogo, nikilaza yale meno tu, kisha msasa namba 120 (namba ikipanda, msasa ni laini zaidi) kwenye majeraha na kwenye vishimo vya chumvi, 240 kuzunguka, 400 rimu nzima. Sheria yangu: kila namba ifute mistari ya namba iliyotangulia kabla hujasogea. Ukiruka kutoka 120 kwenda 400, leo huoni kitu. Klia, ile rangi ya mwisho isiyo na rangi ya kung'arisha, ikikauka, mistari yote inatokea kama maandishi ya siri.

Ncha ya kidole inaona kuliko jicho. Fumba macho, pitisha kidole kutoka kwenye rangi ya zamani kwenda kwenye chuma kitupu. Ukihisi ngazi, bado. Nilipiga kidole kile kipande cha sentimita kumi kuanzia saa 3 mpaka adhana ya adhuhuri, na ngazi ikawa ipo tu. Ilipotoweka nilimwita binti yangu aje aguse, kwa kuwa vidole vyangu vilishakuwa havina akili. "Hapa pako sawa, baba. Ila pale," akasema, akaweka kidole mahali ambapo nilikuwa nimeshamaliza.

Puti, ile ya kuzibia mashimo, nimetumia kidogo, kwenye mchubuko wa mbele tu, sehemu ya urembo. Mahali mdomo wa tairi unapokaa, puti haiwekwi. Pale ni kusugua mpaka pawe laini, basi.

Ondoa pia zile risasi za balansi, vile vipande vya uzito vya kusawazisha gurudumu, kabla ya msasa. Zile za kubana kwenye ukingo zinakata rangi, na metali mbili tofauti zikilala pamoja kwenye maji ya chumvi, alumini ndiyo inayoliwa. Chini ya kila risasi niliyong'oa nilikuta duara la unga.

Jumatano, 12 Juni

Siku mbaya.

Ile rimu ya nyuma kushoto, sasa ikiwa haina rangi tumboni, niliona mstari. Mwembamba kama unywele, unaanzia kwenye ukingo wa ndani kuelekea katikati. Nikampelekea mzee wa rangi, ambaye ndiye atakayenipulizia. Akaweka miwani, akaiinua juani. "Hiyo alama ya liva za pancha, Mwalimu. Mkwaruzo."

Yawezekana. Basi nikafanya jaribio la mafundi wa reli wa zamani, kabla hazijaja dawa za rangi za siku hizi. Nilisafisha kwa thina. Nikachukua oili chafu ya injini, nikaizimua kwa mafuta ya taa, nikaipaka kwa brashi, nikaiacha nusu saa. Nikaifuta yote mpaka kitambaa kikatoka safi. Kisha nikasaga chaki (hizo ninazo), nikaichanganya na spiriti, nikapaka. Spiriti ikaruka, ukabaki weupe mtupu. Nikakaa kwenye kigoda nikingoja.

Mkwaruzo ukiufuta mafuta yanatoka. Ufa unayanywa, halafu chaki inayavuta nje. Baada ya dakika tano hivi ukatokea uzi wa kahawia, ukajichora taratibu kama mtu anaandika kwa kalamu isiyo na wino wa kutosha. Sentimita nne.

Nikakumbuka. Mwishoni mwa Mei nilitoka Dar, baada ya kimbunga Hidaya kukata barabara ya Kusini na kisha kufunguliwa tena. Kusini ya Somanga, usiku, nililipiga shimo la upande wa kushoto mpaka abiria wangu akataja jina la Mungu. Sikusimama kukagua. Na ndiyo ile wiki ambayo tairi lilianza kulala kwa siku mbili badala ya saba. Kwa hiyo viputo vya kwenye beseni vilikuwa na wazazi wawili: unga, ambao ni wa tangu Februari, na ufa wa juzi.

"Tunaichomelea," mzee akasema. "Kuna kijana hapo Chikongola ana gesi ya agoni, anafunga mpaka huuoni."

"Kutouona ndiko kunakonitisha, mzee wangu."

Tulibishana mpaka chai ikapoa. Hoja yangu ni hii. Rimu nyingi za kutupwa ni alumini yenye silikoni asilimia 7 hivi na magnesiamu kidogo, na nguvu yake haitoki kwenye mchanganyiko peke yake. Kiwandani hupashwa joto kali, hupozwa ghafla, kisha huokwa tena kwa saa kadhaa ndipo ikakomaa. Moto wa kuchomelea unaufuta ule ukomavu pembeni mwa kiraka. Kiraka kinaweza kuwa kizuri kabisa, na rimu ikakatikia sentimita moja pembeni yake, kwenye kona, watoto wako nyuma.

"Miaka yote nimeona zinachomelewa," mzee akasema, "sijasikia mtu kaja kulalamika."

"Aliyepinduka atakujaje?"

Akanitazama, akacheka kidogo, akamimina chai nyingine. Hatukukubaliana. Lakini rimu ni yangu, na haitachomelewa. Zilizobaki tatu nimezipaka chaki zote, ndani ya tumbo: safi.

Ijumaa, 14 Juni

Kufunika na praima (rangi ya msingi), baada ya swala.

Rimu mbili za kulia hazivuji (nilizizamisha pia), nikaamua matairi yake nisiyang'oe. Namna ya kufunika: punguza upepo, sukuma mdomo wa tairi chini kwa kiganja, chomeka karata kati ya mpira na rimu, moja ikilalia nyingine mpaka uzunguke. Karata inasimama kama ukuta, rangi inakwenda mpaka ukingoni kabisa bila kugusa mpira. Rimu ya inchi 14 imekula karata 25. Mbili, hamsini. Zikabaki mbili na majokeri. Niliazima kwenye kijiwe cha wazee pale jirani na sasa ninadaiwa pakiti mpya.

Tepu ya karatasi nimeweka sehemu mbili ambazo wengi huziacha: uso wa nyuma unaogusa habu (kile kitovu ambacho rimu inafungwa juu yake), na yale mashimo ya nati, kile kikombe cha mwinamo ambamo nati inakaa. Rangi nene ikiingia hapo, nati inabana rangi badala ya chuma. Ukienda kilomita mia rangi inasagika, nati inalegea yenyewe.

Alumini tupu haipendi rangi ya kawaida. Inataka praima yenye asidi kidogo ya kuiuma ili rangi ipate mahali pa kushika. Na upake siku hiyohiyo uliyopiga msasa wa mwisho na kufuta kwa thina. Usilaze usiku. Oksidi haikungoji, na kidole chenye jasho ni chumvi pia.

Jumatatu, 17 Juni

Eid kubwa. Hakuna fundi. Nimekula, nimelala.

Mmoja aliniuliza juzi kuhusu gari lililorudi kutoka kijijini Tandahimba limejaa unga wa njano. Ni salfa, huu ndio msimu wa kupulizia mikorosho kuzuia ubwiriunga. Usiifute ikiwa kavu kwa kitambaa, utaikwangua rangi. Maji mengi kwanza, kuanzia juu ya paa kushuka, fungua boneti uoshe na zile njia za maji chini ya kioo, ndipo sabuni.

Jumatano, 19 Juni

Rangi, mara ya kwanza. Imeharibika, na kosa ni langu.

Kusi hapa Juni huamka kama saa 4 asubuhi na kuleta mchanga wa mtaa mzima. Nikajidai mjanja, nikamwomba mzee tuanze saa 12 na nusu, kabla upepo haujaamka. Tukamwaga maji chini kulaza vumbi. Rangi ya fedha ikaenda vizuri. Ndani ya dakika kumi ikaanza kupauka, ukungu mweupe ukaifunika, kama jicho la mtu mwenye mtoto wa jicho.

Mzee alikaa kimya tu. Alishaniambia.

Sababu yake unaweza kuipima mkononi: pakaa spiriti, utasikia baridi. Thina ya kukauka haraka inafanya vilevile. Ikiruka inaupoza uso wa rangi, na alfajiri ya pwani hewa imejaa maji. Tena rimu zimelala nje, zenyewe ni baridi. Umande unatua ndani ya rangi mbichi. Kwa hiyo tunabanwa pande mbili: mapema kuna unyevu, baadaye kuna mchanga.

Alhamisi, 20 Juni

Namba 600 kwa maji, kufuta ya jana. Rimu tukazianika juani kuanzia saa 1 mpaka zikawa vuguvugu. Thina ya kukauka polepole. Shuka mbili zilizoloweshwa, zimetundikwa upande wa kusini wa banda. Tumepuliza kati ya saa 2 na nusu na saa 4 kasoro: rangi mapito matatu mepesi, kisha klia mawili. La kwanza jembamba kama ukungu, la pili ndilo la kung'aa. Anayetaka kumaliza kwa pito moja zito ndiye anayepata machozi, yale matone yanayoganda yakishuka.

Klia hii ni ya kuchanganya na hadina, dawa ya kuigandisha, mbili kwa moja. Hadina ina isosayanati, na hiyo si harufu ya kuzoea. Inaweza kumwachia mtu pumu ya maisha. Kitambaa puani hakisaidii, barakoa ya vumbi haisaidii. Nilimletea mzee barakoa ya makopo ya mkaa. Akaivaa kwa pito moja, akaivua, anasema inamfunga pumzi. Pito la pili nilikataa kumshikia taa mpaka akaivaa tena.

Klia imekaa kama maji. Kuna punje tatu za mchanga kwenye rimu moja. Nazijua zilipo, sitawaonyesha.

Jumamosi, 22 Juni

Bodi, kwa ufupi, maana haina hadithi. Kuosha, kupolishi kwa mkono paa na boneti, nta. Taa za mbele zilikuwa njano: namba 800, 1500, 2000, zote kwa maji, kisha polishi. Zimekuwa kioo, ila plastiki iliyovuliwa ngozi yake ya kuzuia jua itarudi njano haraka, kwa hiyo nimezipaka klia inayozuia miale. Dawa ya meno, ambayo watu husema inang'arisha taa? Nimejaribu. Inanukia vizuri.

Jumanne, 25 Juni

Siku tano za kukauka, nikafunga. Tatu za fedha. Ya nne ni spea yangu ya chuma, inchi 14, vipimo vilevile, nimeipaka rangi hiyohiyo. Binamu yangu wa Dar ananitafutia mwenzake na hizi tatu. Ametuma picha tano, zote zimepakwa nyeusi nzito, mpya kabisa. Nimemjibu kwamba rimu iliyopakwa nzito siinunui bila kuliona tumbo lake, na aende na chaki.

Mdomo wa tairi la mbele kushoto tulisafisha, tukaweka sabuni, likadaka kwa mlio mmoja. Balansi upya, risasi za kubandika kwa ndani, si za kubana. Nati kwa mkono kwanza, zote, kisha kwa spana, kwa mpangilio wa msalaba. Kitabu cha gari langu kinasema nguvu ya kukaza iwe Nm 103. Spana ya kupimia sina. Nimetumia bomba la nusu mita na mizani ya kuning'iniza ya muuza samaki: kilo 21 mwishoni mwa bomba. Samaki wametoka, harufu imebaki kwenye bomba.

Nimeenda Mikindani na kurudi mara mbili, nikakaza tena. Nati moja ilisogea robo mzunguko. Ya rimu ya chuma.

Jumanne, 2 Julai

Wiki moja. Nimepima asubuhi kabla ya jua: 30, 30, 30, na ya chuma 29.

Jana alipita mnunuzi wa vyuma chakavu na mkokoteni, akaiona ile ya ufa imeegemea ukuta. Akaibonyeza kwa kidole gumba, akaikagua kama mtu anayejua. "Hii nzima, bosi. Hii mtu anaichomelea tu."

Nikamwambia angoje kidogo. Nikaingia ndani nikatoka na msumeno wa chuma. Ilinichukua dakika arobaini na visu viwili vya msumeno, yeye amekaa juu ya mkokoteni ananihesabia hasara. Kilo ni zilezile, nikamwambia, pima vyote viwili.